Ukuta wa Sili

Duka bado lipo, na mimi silipendi. Ni safi mno. Rafu za chuma zimepangwa kama vitanda vya wodini, kila boksi limefungwa, kila boksi lina karatasi yake ubavuni, na binti wa kaka yangu anamuuliza mteja anataka nini huku macho yako kwenye kompyuta. Mimi ananisalimia vizuri, ananipa kiti, ananiletea chai. Nakunywa, nashukuru, naondoka na hasira zangu. Hata harufu siku hizi hakuna. Zamani ulikuwa ukikunja kona ya mtaa wa spea tu, pua inakwambia umefika: mpira mpya, grisi, na zile karatasi za kaki zilizolowa mafuta. Nilikuwa nikitoka kazini posta, nimechoka kufokewa na watu dirishani, naivuta harufu ile mara moja na roho inatulia.

Ilikuwa harufu ya kaka yangu. Baadaye ikawa ya mke wake, na huyo mke, wifi yangu, ndiye ninayetaka kumsimulia.

Wifi hakuwa mtu wa sili. Alikuwa fundi cherehani, na kwa maneno yake mwenyewe aliumbwa kushona magauni ya wanawake wenye viuno. Kaka ndiye aliyekuwa fundi mitambo. Alifanya kazi kwenye karakana za watu mpaka akachoka kuamrishwa, akachukua chumba kimoja mtaa wa spea, kati ya muuza beringi na mchaji betri, akafungua duka la sili. Kwa msomaji ambaye hajawahi kuchafuka mikono, sili ni pete ya mpira yenye chuma ndani yake, inayokaa pale shafti, ile nondo inayozunguka, inapochomoza nje ya mashine. Kazi yake ni kuzuia: mafuta yabaki ndani, vumbi libaki nje. Ikifanya kazi vizuri hakuna anayeikumbuka. Ikichoka, kila mtu anaitukana.

Na kaka alikuwa na ukuta. Siwezi kueleza duka lile bila ukuta. Alichukua mbao za makasha yaliyokuja na mzigo kutoka ng'ambo, akazipiga randa, akazipaka rangi nyeupe, akazipigilia ukuta mzima unaotazama mlango. Halafu akaanza misumari. Kila msumari aliupima kwa uzi, akaugonga ukiwa umeelekea juu kidogo ili pete isiteleze, akarudi nyuma mpaka katikati ya barabara kuutazama, magari yakimpigia honi, akarudi ndani kugonga mwingine. Juu kabisa zilining'inia sili ndogo kama pete za vidoleni, zikishuka zikizidi ukubwa, mpaka chini kabisa zile za mashine kubwa, pana kama sahani. Chini ya kila msumari aliandika vipimo kwa rangi nyekundu. Jua la asubuhi likiingia mlangoni, ukuta wote ulikuwa unang'aa mweusi tii, na wapita njia walisimama kuutazama tu, hata wasio na gari wala baiskeli.

Mteja alikuja na sili yake iliyokufa, imeviringishwa kwenye gazeti. Kaka aliifuta kwenye suruali, jambo lililomtoa wifi machozi kila siku ya kufua, akaipima kwa kalipa, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Mkono ulijua msumari. Mimi nilidhani ni maonyesho ya bure mpaka nilipomwona akifanya hivyo amefumba macho, anapiga miayo.

Halafu kaka akaugua, ugonjwa wa haraka, akatutoka.

Wajomba walikaa sebuleni wakashauri duka liuzwe. Mchaji betri alikuwa tayari anakitaka chumba. Wifi aliwasikiliza, akawapa chai, walipomaliza akasema, "Wajomba zangu, nimewasikia. Kesho naenda kufungua." Mimi nilicheka mbele ya watu, nikamwambia, "Wifi, wewe unajua nini cha sili? Utamshonea mtu pampu?" Wifi na wifi tuna ruhusa ya kuchomana bila kesi. Akanijibu, "Nitajifunza. Kwani kaka yako alizaliwa nazo mdomoni?"

Akajifunza kwa njia yake. Sili huitwa kwa namba tatu: upana wa tundu, upana wa nje, na unene. Namba hizo zilimpiga chenga wiki ya kwanza yote, mpaka siku moja akapiga paja lake na kusema, "Kumbe ni gauni tu! Kiuno, nyonga, pindo." Tangu hapo hakukosea. Mafundi wakubwa wenye ndevu walikuwa wanasimama mbele ya meza yake wakisema, "Mama, nataka kiuno thelathini na tano, nyonga hamsini na mbili, pindo saba," bila hata kutabasamu. Mtaa mzima ukamwita Mama Sili.

Siku zile zilikuwa tamu, acha niseme ukweli. Mtaa ulichangamka. Karakana zilikuwa nyuma ya kila nyumba, malori yalipangana mpaka reli, na watu walikuwa wanatengeneza vitu badala ya kuvitupa. Walikuja wa mashine za kusaga, wa matrekta, wa pampu za visima, wa viwanda vya sabuni. Walikuja pia watani. "Mama Sili, huna sili ya moyo unaovuja?" Naye bila kuinua macho, "Ipo, lakini wako hauna oili." Redio iliimba, muuza beringi alibishana na wapiga kelele wa mpira wa miguu, na mimi nilikaa kwenye kasha karibu na mlango nikila karanga na kujifanya nasaidia.

Wifi alipenda kusoma maboksi. Mpira umepikwa nchi moja, chuma kimekatwa nchi nyingine, springi imesokotwa ya tatu, halafu vyote vimekutana kwenye boksi lililofungwa nchi ya nne. "Wifi," aliniambia, "kapete haka kametembea kuliko ukoo wetu mzima." Kwa muda mrefu tulinunua kwa watu wa jumla, walioweka faida juu ya faida mpaka sili inafika kwetu imevimba. Wifi akakata shauri. Akaandika kwa anwani ya kiwanda iliyokuwa kwenye boksi, kwa Kiingereza changu cha posta. Akajibiwa na mwanamke wa ofisi ya mauzo. Wakaanza na barua, wakaja simu, wakaja picha na ujumbe. Wifi akamwita Dada wa Kiwandani. Hawakuwahi kuonana, na lugha yao ilikuwa ya kuokoteza, lakini walikuwa kama chanda na pete. Dada wa Kiwandani alijua wifi ni mjane. Wifi alijua dada yule ana mama mgonjwa. Kati ya habari hizo mbili waliagizana mzigo. Mzigo huo wifi aliuleta akishirikiana kontena na muuza beringi, ulipofika bandarini wakapanga foleni za ushuru pamoja, na boksi zikifika dukani, kitu cha kwanza kilikuwa kuzifungua na kuzitundika sili ukutani, kila moja kwenye msumari wake, kama alivyofanya marehemu. Wifi hakumruhusu mtu mwingine. Aliimba kwa sauti ya chini akiwa anatundika. Nami nilikuwa natazama mgongo wake nikimwona kaka.

Sijui mtaa ulianza kupoa lini. Hakuna aliyepiga kengele. Karakana moja ikahamia nje ya mji, nyingine ikageuka kuwa ya kuoshea magari. Magari mapya yakija hayafunguliwi, yanarudishwa kwa kampuni zilizoyauza. Yakajitokeza maduka makubwa ya vioo, yenye viyoyozi na wahudumu wenye tai. Wateja wetu wa kusimama mlangoni wakapungua mpaka watani wakapungua. Duka likabaki limesimama kwa mguu mmoja: kiwanda cha mafuta ya kupikia, ng'ambo ya reli. Pampu zao zilikula sili mwaka mzima. Kiwanda kile kikiondoka, wifi anafunga mlango na kurudi kwenye cherehani, na macho yake ya kushonea yalikuwa yameshakwenda.

Basi mchana mmoja akaingia Mzee wa Funguo. Huyu alikuwa mtunza stoo wa kiwanda, na alitembea na shada la funguo kiunoni linalosikika kabla yeye hajaonekana. Alikuwa mteja wa kaka tangu duka lina ubao mmoja. Siku hiyo hakutania. Aliweka juu ya meza sili kadhaa zilizochomolewa.

"Mama Sili, zinavuja."

"Zimetumika?"

"Zimetumika wapi! Tunafunga, hata hazijazoea, pampu inatoka jasho. Sakafu imekuwa ya kuteleza, kijana mmoja ameanguka juzi. Meneja amekasirika. Anasema tuhamie kwa wale wa vioo." Akashusha pumzi. "Mimi nimekuombea. Akasema uje mwenyewe umwambie sili zako zina nini. Ukishindwa, basi."

Alipoondoka wifi alishika tama. Halafu hasira zikampanda, akachukua simu akamwandikia Dada wa Kiwandani maneno makali, nami nikimsaidia kuyanoa. Tukamwambia mzigo wake ni mbovu, tukamwambia ametutupa. Jibu lilikuja la upole. Dada yule alisema bechi hiyo imeuzwa nchi nyingi na hakuna anayelalamika, na akaomba jambo moja tu, picha ya mahali tunapozihifadhi.

Wifi akafurahi kabisa. Hapo ndipo alipomtaka! Akafuta vumbi ukuta mzima, akanisimamisha pembeni nimetabasamu, akapiga picha jua likiwa limeingia vizuri, ukuta unang'aa. Akaituma kama mtu anayetuma picha ya mtoto wake aliyehitimu.

Halafu simu ikalia. Dada wa Kiwandani hakuwa anapiga mara nyingi, ni ghali. Alizungumza polepole, nami nikimtafsiria wifi kadiri nilivyoelewa. Alisema ukuta ni mzuri sana. Alisema hilo kwanza, namshukuru. Kisha akasema sili haitundikwi. Imetengenezwa ilale. Ukiining'iniza, pale msumari unapoibeba panabonyea, na ule mdomo wake wa ndani unaobana shafti unalegea upande mmoja. Na jua linakausha mpira. "Tafadhali," akasema, "zitoe leo."

Tulikaa. Wifi akainuka akachukua sili moja iliyokaa sana msumarini, akafungua boksi jipya lisilotundikwa bado akatoa ya namba ileile, akazilaza mezani pamoja. Haikuhitaji kalipa. Moja ilikuwa duara. Nyingine ilikuwa imekaa kama yai.

"Kwa hiyo kaka yangu alikuwa mjinga? Miaka yote hiyo alikuwa anaharibu mali yake mwenyewe?"

"Sijasema hivyo, wifi."

"Huyo mwanamke wako kasema!"

Alikuwa anaizungusha ile ya yai kidoleni. "Enzi za kaka yako," akasema, "kulikuwa na sili inayolala hapa ukutani? Inatundikwa asubuhi, jioni imeshakwenda. Hazikupata muda wa kubonyea. Kaka yako hakukosea hata kidogo. Ni mimi siuzi kama alivyokuwa anauza." Akaongeza, "Zinakaa, wifi. Siku hizi zinakaa tu."

Nilimsikia. Kukubali ni kitu kingine. Siku ya kuzishusha nilimwambia siji, kisha nikaenda, nikasimama mlangoni nimekunja mikono. Muuza beringi alishika ngazi. Wifi alishusha moja moja, akipima kila moja kwenye bomba la duara. Iliyopita ililazwa kwenye boksi. Iliyogoma aliikata kwa mkasi wake wa kushonea ili asije mtu akaiokota na kuiuza. Mkasi ulikuwa unalia kwenye mpira na kugota kwenye chuma, na kila ukilia mimi nilifumba macho. Alipomaliza, ukuta ulibaki misumari mitupu na namba nyekundu. Sijawahi kuona kitu kilichonyooka vile kikaonekana cha huzuni vile.

Ikabaki safari ya kiwandani, na hapo tukagombana kweli.

"Useme mzigo ulikuwa feki," nilimwambia. Mtaa wetu ndivyo unavyosema, kila kitu kikiharibika mzigo ulikuwa feki, na hakuna anayeuliza zaidi. "Useme umeshabadilisha kiwanda. Yamekwisha."

"Nimsingizie Dada wa Kiwandani? Na huyo meneja akiniuliza kiwanda gani nimehamia?"

"Basi sema chochote. Lakini ukimtaja kaka mbele ya wale wanaume, ukisema marehemu ndiye aliyeharibu, wifi, usinijue tena. Nakwambia mbele ya Mungu."

Akafunga boksi moja kwa kamba, akaliweka kwenye mkoba, tukaondoka. Moyoni nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu: hana pa kutokea. Akisema uongo kuhusu mzigo atabanwa, akisema kweli atamfukua kaka yangu kaburini. Nilimfuata ili nisikie kwa masikio yangu, nipate sababu ya kumchukia.

Ofisi ya meneja ilikuwa juu ya ngazi ya chuma, sakafu inatetemeka kwa mashine za chini. Meneja alikuwa mtu mzima mwenye haraka zake, mgeni pale kiwandani, hajafika dukani kwetu hata siku moja. Mzee wa Funguo alisimama karibu na dirisha. Wifi hakukaa alipopewa kiti.

"Sili ni nzuri, bwana meneja," akasema. "Kiwanda kinachozitengeneza ni kizuri. Zimeharibikia kwangu. Tulikuwa tunazitundika ukutani kwenye misumari, zikapinda, na jua likazikausha. Nimezishusha zote. Zilizoharibika nimezikata. Hizi zimetoka kwenye boksi."

Meneja akakunja uso. "Kwenye misumari? Nani alizitundika kwenye misumari?"

Nikangoja jina la kaka.

"Mimi," wifi akasema. "Marehemu mume wangu aliniachia duka zuri, kila kitu kiko kwenye boksi lake. Mimi ni fundi cherehani, bwana. Nikaona zinapendeza zikining'inia, kama magauni dukani. Nikatafuta mbao, nikagonga misumari mwenyewe. Yeye asingefanya hivyo. Alikuwa fundi."

Hakupepesa macho. Sauti ilikuwa ileile anayomjibia mteja bei. Na mimi niliyekuja na chuki yangu tayari imekunjwa mfukoni sikuwa na pa kuiweka.

Halafu nikamkumbuka Mzee wa Funguo. Yeye alinunua kwenye ukuta ule tangu kaka yu hai. Alimwona kaka akisimama katikati ya barabara kuutazama, honi zikilia. Meneja alimgeukia. "Ni kweli? Wewe ndiye unayekwenda pale."

Mzee wa Funguo alikuwa ameshika shada lake la funguo kwa mikono miwili, amelibana lisitoe sauti. Alimtazama wifi. Kisha alinitazama mimi, na alijua mimi ni nani.

"Ni kweli, meneja," akasema. "Nilikuwepo siku anagonga." Akageukia dirisha. "Na alijua kugonga. Alipima kwa uzi, msumari mmoja baada ya mwingine. Kosa ni kosa, lakini maisha yangu yote sijaona kazi iliyonyooka namna ile. Mkono wake ulikuwa na baraka."

Wifi akainamisha kichwa, akasema asante. Nilijua hakushukuru kwa niaba yake mwenyewe.

Meneja hakuona kitu, na Mungu ambariki kwa kutokuona. Akasema zile za kwenye boksi zifungwe kwenye pampu korofi kuliko zote, tuone. Zikafungwa. Hazikuvuja. Kiwanda kikabaki, na kwa kiwanda kile duka likabaki, rafu zikaja, binti akasoma, ikaja kompyuta ninayoitukana. Wifi sasa anapumzika kwa binti yake, haoni vizuri, na nikienda kumtembelea tunachomana kama kawaida.

Kuhusu siku ile hatujawahi kusema neno. Lakini bado wapo wazee wa mtaa wa spea wanaoukumbuka ukuta, na vijana waliousikia wakaja kuniuliza ulikuwaje na nani aliyeujenga. Ulikuwa ukuta mzuri, na kuusema si wa kaka kunanichoma kila mara. Hata hivyo mimi, dada wa tumbo moja na marehemu, namwangalia anayeuliza usoni na kumwambia ni wifi yangu.